Wamombasa Wawili Mlangoni pa Tsar

Katika toleo la mwezi uliopita niliwaomba wasomaji wanaoandika hadithi za kusafiri katika wakati waniletee maswali yanayowakwamisha. Barua zimekuja nyingi, na tatu kati yake, kana kwamba waandishi wake waliketi baraza moja, zimeelekea upande mmoja: kasri la mfalme, fitina za ndani yake, na mapinduzi yanayobisha hodi nje. Nimeona nizijibu pamoja.

SWALI: Mwalimu, shikamoo. Mimi ninakaa Kibokoni na ninaandika riwaya yangu ya kwanza. Ndani yake ndugu wawili, msichana na mdogo wake wa kiume, wanateremka katika kisima kilichoko nyuma ya nyumba ya nyanya yao hapa Mji wa Kale, na wanapopanda juu wanajikuta Petrograd, mji mkuu wa Urusi, mwanzoni mwa Desemba 1916, siku chache kabla ya kuuawa Rasputin, yule mwombezi aliyeaminiwa na malkia, na miezi miwili na ushei kabla ya mapinduzi. Nimekusudia waingie katika kasri la Tsar, yaani mfalme wa Urusi, Nicholas II, wamwonye yanayokuja, kisha wakwame katikati ya fitina za jamaa zake. Lakini nimekwama mimi kabla yao. Vijana wawili weusi kutoka Mombasa wangewezaje kuingia mle bila ya kukamatwa? Wangezungumza lugha gani? Na ikiwa Tsar atawasikiliza, hadithi yangu itaishia wapi, kwa kuwa mapinduzi hayatakuwapo tena? — Binti wa Kibokoni

JIBU: Marahaba, binti yangu. Nitaanza na swali lako la mwisho, kwa sababu hilo likitatuka haya mengine yatajibika yenyewe. Umeijenga hadithi yako juu ya dhana kwamba Tsar aliangushwa na kutojua, na kwamba mtu mmoja mwenye habari za kesho angetosha kumwokoa. Sivyo ilivyokuwa. Mtu yule alionywa mpaka wenye kumwonya wakachoka.

Mwezi wa Februari 1914, miezi sita kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia, Pyotr Durnovo, aliyewahi kuwa waziri wa mambo ya ndani, alimwandikia Tsar waraka wa kumwambia kwamba vita na Ujerumani vikienda kombo lawama zote zitatupiwa serikali, jeshi lililoshindwa halitakuwa tena ngao ya utawala, wanasiasa wanaoupinga utawala watashindwa kuyazuia mawimbi waliyoyavumisha wenyewe, na Urusi itatumbukia katika vurugu isiyojulikana mwisho wake. Durnovo hakuteremka kisimani. Alikuwa mhafidhina, mtumishi wa zamani wa dola, tena mtiifu kwa Tsar, na waraka wake ulikaa katika makaratasi.

Ikaja 1916. Tarehe 1 Novemba, kwa kalenda yao, Pavel Milyukov alisimama katika Duma (bunge lao, si mnyama wetu wa mbugani) akayataja makosa ya serikali moja baada ya jingine, na kila alipolitaja moja aliuliza kama huo ni upumbavu au ni uhaini. Siku zizo hizo Nikolai Mikhailovich, binamu wa marehemu baba yake Tsar, alikwenda hadi Mogilev, kwenye makao makuu ya jeshi ambako Tsar alikuwa amejichukulia uamiri jeshi tangu mwaka wa kabla yake, akamkabidhi barua ya kumtahadharisha juu ya mkewe Alexandra na watu waliomzunguka. Miezi miwili baadaye balozi wa Uingereza, George Buchanan, alimwambia uso kwa uso kwamba hana budi kuirejesha imani ya watu wake. Tsar alimwuliza: je, ni yeye anayepaswa kuirejesha imani ya watu, au ni watu wanaopaswa kuirejesha imani yake kwao?

Mtu anayeuliza swali la namna hiyo hakukosa habari. Wahusika wako, kwa hivyo, watakuwa wa mwisho katika foleni ndefu, na zingatia vizuri yaliyowapata waliowatangulia. Hakuna mwonyaji aliyesikilizwa kama mwonyaji. Kila aliyesema kwamba hali ni mbaya alihesabiwa kuwa mtu wa kundi fulani: huyu adui wa malkia, huyu wakala wa Duma, huyu kibaraka wa mabalozi. Vijana wako watakapofika na kutamka kwamba utawala una siku themanini tu, hakuna atakayewauliza kama ni kweli. Watakaloulizwa ni, «Mmetumwa na nani?» Hapo ndipo fitina inapowanasa, na hapo ndipo riwaya yako inapoanza. Basi usiwe na wasiwasi kwamba itakatika.

Sasa nikupeleke mlangoni, kwa kuwa bila ya kujua umechagua kasri ambalo mtu mweusi asingekuwa kioja ndani yake. Tangu karne ya 18 watawala wa Urusi walikuwa na desturi ya kuweka watumishi weusi, na kijana mmoja wa Kiafrika aliyeletwa enzi za Peter Mkuu, Abram Hannibal, aliinuka akawa jenerali, na kitukuu chake ndiye Pushkin, mshairi mkubwa kuliko wote wa Kirusi. Enzi za Nicholas walikuwapo bado wachache, wakisimama kwenye milango ya vyumba vya Tsar na malkia wamevaa suruali nyekundu, vizibao vilivyotariziwa kwa dhahabu, vilemba vyeupe na viatu vilivyopinda ncha. Watu waliwaita Wahabeshi, ingawa mmoja wao, Jim Hercules, alikuwa Mmarekani, na alipotoka likizo kwao alikuwa akiwaletea watoto wa Tsar chupa za jemu ya mapera. Hawakuwa askari. Kazi yao ilikuwa kufungua na kufunga mlango, na mlango ulipofunguliwa kimya kimya ilikuwa ishara kwamba mmoja wa wafalme anakaribia.

Fikiria mwandishi amepewa zawadi gani hapo: mtu anayeonekana na kila mmoja, asiyetazamwa na yeyote, na anayesikia yote. Yule mdogo wa kiume wa msichana wako akivishwa kilemba kile, hana haja ya kupenya popote.

Angalia tu usimpeleke kwenye kasri silo. Watu wengi huandika Kasri la Majira ya Baridi, lile kubwa la ukingoni mwa mto Neva, lakini tangu 1905 familia ilikuwa imehamia Tsarskoye Selo, mwendo wa kama kilomita 25 kusini mwa mji, katika Kasri la Alexander. Kasri lile kubwa, mwaka 1916, kumbi zake zilikuwa zimejaa vitanda vya majeruhi. Malkia mwenyewe na binti zake wawili wakubwa walikuwa wamesomea uuguzi na kufanya kazi katika hospitali za Tsarskoye Selo, na kwa msichana wako mlango wa hospitali ni mwepesi kuliko wa kasri.

Lugha haitawasumbua kama unavyohofu. Nicholas na Alexandra waliandikiana barua kwa Kiingereza, kwa kuwa mke alikuwa mjukuu wa Malkia Victoria na alilelewa kwa lugha hiyo. Kiingereza cha shule za Mombasa kingewatosha. Hata hivyo, kumbuka kwamba Alexandra alizaliwa Ujerumani, na kwamba katikati ya vita na Ujerumani mitaani walimwita jasusi. Mgeni akionekana akinong'onezana naye kwa lugha ambayo mtumishi wa chai haielewi, kesho yake pamezuka uvumi, na keshokutwa uvumi umefika Petrograd na mkia wake.

Ukitaka maarifa yao ya kesho yawe na uzito, usiwape utabiri. Wape siri. Mrithi pekee wa kiume, Alexei, aliyezaliwa 1904, alikuwa na hemofilia, ugonjwa wa damu kutoganda, na jambo hilo lilifichwa kama siri ya dola. Kwa kuwa watu hawakuijua, hawakuweza kuelewa kwa nini mkulima wa Siberia mwenye ndevu chafu anafunguliwa milango ya kasri, na pengo hilo wakalijaza kwa masimulizi machafu kuhusu malkia. Mama aliyemwona mwanawe akitulia kila Rasputin alipomwombea hakuhitaji sababu nyingine. Watoto wako wanaijua siri hii kwa sababu leo imo katika kila kitabu. Msichana akiteleza ulimi mbele ya mama yule akalitaja jina la ugonjwa, chumba kizima kitanyamaza, na kuanzia dakika ile atakuwa mtu wa hatari kuliko mtabiri yeyote.

Kuhusu Rasputin mwenyewe, nyumba yake ilikuwa ghorofani, nambari 64 mtaa wa Gorokhovaya, na ngazini walikaa polisi wa siri wakiandika kila anayepanda na kila anayeshuka. Juu yake kulikuwa na wenye shida zao tangu alfajiri, na aliwapa vikaratasi vyenye alama ya msalaba, vilivyoandikwa kwa mwandiko wa kuparura, wakavipeleke kwa mawaziri. Wahusika wako wakipanda ngazi zile, majina yao yataingia daftarini.

Na hapa nakuomba uwe makini na tarehe. Urusi ilikuwa bado inatumia kalenda ya Julius, iliyokuwa nyuma ya hii yetu kwa siku 13, na haikuiacha hadi 1918. Rasputin aliuawa usiku wa kuamkia 17 Desemba kwa hesabu yao, yaani 30 Desemba kwa hesabu yetu. Sisi wa pwani tumezoea kuishi na kalenda mbili, ya miladi na ya hijra, na kila mwaka tunabishana kuhusu mwandamo wa mwezi, kwa hiyo msomaji wako atalielewa jambo hili haraka kuliko msomaji wa kwingine. Msichana aliyekariri tarehe 30 shuleni atadhani bado ana zaidi ya siku kumi za kupanga mambo, wakati mwili umekwisha kutolewa chini ya barafu ya mto. Nisingeliacha kosa hilo lipite bila ya kulitumia.

Saa nazo zitawachanganya. Mwezi wa Desemba jua la Petrograd lilikuwa likichomoza kwenye saa tatu asubuhi na kutua kabla ya saa tisa alasiri, na mtoto wa Kibokoni aliyezoea kwamba saa moja asubuhi ni jua kali ataamka gizani, atasubiri, na atafikiri jua limekufa. Wakiulizia msikiti, upo: wenye kuba la rangi ya samawati, karibu na ngome ya Peter na Paul, uliofunguliwa 1913 kwa ajili ya Waislamu wa mji ule, wengi wao Watatari. Ningewapitisha hapo kabla ya kuwapeleka kokote, kwani ndipo mahali pekee katika mji mzima ambapo salamu yao ingeitikiwa.

Usiku wa mauaji usiutegemee sana. Felix Yusupov na Vladimir Purishkevich, wawili kati ya wauaji, waliandika vitabu vyao, na kila mmoja alijipendelea. Zile keki za sumu zisizodhuru zinatokana na masimulizi ya Yusupov. Kilicho hakika ni risasi, na moja ilipigwa kwenye paji la uso. Kinachonivutia zaidi ni kilichofuata. Kijana Dmitri Pavlovich, binamu yake Tsar aliyeshiriki katika njama ile, aliamriwa kwenda kwenye mpaka wa vita wa Uajemi. Jamaa wa kifalme wakaandika barua ya pamoja kumwombea asipelekwe kwenye tabu na maradhi ya huko, na Tsar akajibu kwamba hakuna mtu mwenye haki ya kuua. Dmitri akaenda. Mapinduzi yalipotokea alikuwa mbali, akaokoka, akafa miaka mingi baadaye uhamishoni. Nikolai Mikhailovich, yule mwonyaji wa Novemba, alikuwa ndani ya Urusi, na alipigwa risasi Januari 1919 katika ngome ile ile niliyoitaja jirani ya msikiti. Basi fikiria vijana wako wanamhurumia Dmitri, wanatumia nafasi yao mlangoni ili barua ile imfikie Tsar wakati moyo wake umelainika, na ombi linakubaliwa. Watakuwa wamemuua kwa wema.

SWALI: Mhariri, salaam. Mimi ni mzee wa Likoni. Ninasikia vijana wa siku hizi wanaandika hadithi za Urusi, wakiacha fitina za majumba ya wafalme wa huku kwetu. Kwani hatukuwa na wafalme? — Msomaji wa siku nyingi

JIBU: Mzee wangu, shikamoo. Walikuwapo, na sina ubishi nawe. Kijana anayetaka kasri la karibu aende Addis Ababa 1974, ambako mapinduzi hayakuja kwa kishindo bali kwa kunyofoa: wanajeshi walisoma majina ya wakuu redioni, na wakuu wale, wengine kwa fahari ya kutotaka kukimbia, wakajisalimisha wenyewe siku baada ya siku mpaka Mfalme Haile Selassie akabaki peke yake katika kasri lake. Usiku wa kuamkia kuondolewa kwake televisheni ilionyesha njaa ya mkoa wa Wollo ikichanganywa na picha za karamu za wakubwa. Tarehe 12 Septemba alisomewa tamko, akachukuliwa kwa gari dogo la Volkswagen, mtu aliyezoea kupanda magari ya fahari. Msafiri wa wakati angefanya nini hapo? Labda angekaa karibu na redio na kumzuia mtu mmoja tu asitoke nyumbani jina lake linapotajwa, kwa kuwa Novemba ya mwaka huo wafungwa wapatao 60 walipigwa risasi kwa usiku mmoja.

Na hapa hapa kisiwani tunao Wamazrui, walioitawala Mombasa hadi 1837, wakamwangukia Seyyid Said si kwa vita peke yake bali kwa sababu nyumba yenyewe ilikuwa imegawanyika, kisha wakuu wao wakakamatwa kwa hila na kupelekwa Bandar Abbas, huko Uajemi, wasirudi tena. Msafiri wa zama zile angekuwa na mwenyeji mzuri kuliko wote, Muyaka bin Haji, aliyekuwa akiziona fitina na kuzitungia mashairi. Hayo hayakuwa mapinduzi, ni kubadilisha mwenye ngome. Lakini sioni kosa kwa binti wa Kibokoni kwenda mbali. Mwaka huo huo 1916 bandari ya Kilindini ilikuwa ikiteremsha majeshi ya vita vilevile vilivyokuwa vikimmaliza Tsar, kwa hiyo hata kama angekaa nyumbani, vita vingemfuata.

SWALI: Mimi ni mwanafunzi wa Changamwe na tunaandika mchezo wa kuigiza kama hiyo hadithi ya Urusi. Tunataka kujua: msafiri awe na nini mfukoni? — Kidato cha tatu

JIBU: Mwanangu, hili ndilo swali lililonifurahisha kuliko yote. Simu itazima siku ya pili na hakuna wa kuipigia. Fedha za chuma hazitakufaa pia, kwa sababu watu wa Petrograd walikuwa wamezificha majumbani kwa hofu ya vita, hata serikali ikalazimika, kuanzia 1915, kuchapisha stempu za posta juu ya karatasi ngumu zitumike kama sarafu. Zilikuwa na picha za watawala wa ukoo wa Romanov, zilezile zilizotolewa 1913 kusherehekea miaka 300 ya ukoo huo. Mwonyeshe jukwaani mwanamke aliyepanga foleni ya mkate tangu usiku, mkononi ana kijikaratasi cha kopeki 20 (senti za Kirusi) chenye uso wa mfalme, kimelowa theluji na kingo zake zimeanza kuchanika.

Tena awe na pasi. Warusi walihitaji pasi hata ndani ya nchi yao wenyewe, na mlinzi wa kila jengo alikuwa na wajibu wa kuwapa polisi habari za wageni. Asiyekuwa na karatasi hakulala mahali pamoja siku mbili.

Foleni zile ndizo zilizoleta mapinduzi, wala si kasri. Tarehe 23 Februari 1917 kwa kalenda yao, yaani 8 Machi, Siku ya Wanawake, wafanyakazi wanawake wa viwanda vya nguo walitoka kudai mkate, na baada ya siku nne askari wa mji wenyewe wakageuka upande wao. Tarehe 2 Machi Tsar akatia saini ya kujiuzulu ndani ya behewa la treni, katika mji wa Pskov. Alikuwa ameondoka nyumbani kurudi Mogilev tarehe 22 Februari, siku moja tu kabla ya kuanza, na siku aliyofika kule watoto wake walikuwa wameanza kuugua surua.

Kwa hiyo kitu cha thamani kuliko vyote ambacho msafiri wako atakuwa nacho hakimo mfukoni. Wakati huo hapakuwa na chanjo ya surua popote duniani. Kasri la Alexander lilikuwa limetiwa giza vyumba vya wagonjwa, Alexandra akipita kitanda hadi kitanda amevaa nguo zake za uuguzi, bunduki zikisikika kwa mbali, na watumishi wakianza kutoweka mmoja mmoja. Watoto wawili waliochanjwa kliniki hapa Mombasa wangeweza kuingia chumba chochote mle, wakabeba maji na taa, bila ya kuogopa kuambukizwa.